Kupandisha sampuli za muziki: kazi ya programu, au tuiachie chipu ya DAC?

mpenda_sahani

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ufafanuzi kwa wanaolijua jambo hili.

Mfumo ni huu: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) yenye MPD (programu ya kucheza muziki), imeungwa kwa nyaya za I2S (za sauti ya kidijitali) na kile kibao kidogo cha zambarau chenye chipu ya PCM5102A, ambayo ni DAC, yaani kigeuzi cha namba kuwa sauti ya umeme, kisha ampli na spika za rafuni. Muziki mwingi ni FLAC zilizotolewa kwenye CD, biti 16 na 44.1 kHz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde. Nyingine ni MP3 za 128 kbps.

MPD ina uwezo wa kupandisha kasi ya sampuli kutoka 44.1 hadi 176.4 au 192 kHz kabla sauti haijafika kwenye chipu. Nimesoma kwamba chipu nayo hupandisha yenyewe, kwa hiyo ukitumia programu ni kazi mara mbili. Wengine wanasema programu ni bora mno. Wengine tena wanasema lazima ununue sanduku la pekee la kupandishia. Nani yuko sahihi, na kwa nini? Na kama nipandishe, ni 176.4 au 192?

Jambo la mwisho: nikiweka 192, nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa sana zinachakacha kwenye vilele. Nikirudisha 44.1, mchakacho unapungua sana.

---

fundi_mawimbi

Mkuu, tuanze na hilo la "kazi mara mbili", maana ndilo linalozaa ubishi.

DAC ya delta-sigma, aina ya chipu kama yako, haichezi 44.1 kama ilivyo. PCM5102A ikipokea 44.1 huizidisha mara 8 ndani kwa ndani hadi 352.8 kHz, ndipo hatua zinazofuata zinapoanza. Kupandisha kutatokea tu, utake usitake. Unachochagua wewe ni nani afanye hatua ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu.

Ugumu wake ni huu. Sampuli za 44.1 zinabeba muziki hadi 22.05 kHz, na juu ya hapo kuna vivuli vya muziki uleule. Kila sauti ina pacha wake kwenye 44.1 toa masafa yake: sauti ya 20 kHz ina kivuli kwenye 24.1, ya 21 kHz ina kivuli kwenye 23.1. Kichujio kinatakiwa kipitishe kila kitu hadi 20 kHz bila kugusa, halafu kifunge kabisa ndani ya nafasi ya 2 kHz tu. Ukali huo unadai hesabu nyingi, na chipu ya bei ndogo haina nafasi ya hesabu hizo.

Angalia karatasi ya data ya PCM5102A. Kichujio chake cha kawaida kinapitisha hadi 0.45 ya kasi ya sampuli, kinafunga kuanzia 0.55, na kinachofungwa hukipunguza kwa 60 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Kwa 44.1 maana yake kinaanza kufunga kwenye 19.85 kHz na kumaliza kwenye 24.26. Katikati hapo mlango uko nusu wazi. Vichujio vya aina hii vinajengwa kwa ulinganifu kuzunguka nusu ya kasi, ndiyo maana kwenye 22.05 huwa kimepunguza kama 6 dB tu. Kivuli cha 23.1 kinapita kikiwa na nguvu ya kutosha kuonekana kwenye kipimo chochote cha maana.

Sasa ipe chipu hiyohiyo 176.4 iliyotengenezwa na programu. Kichujio chake kinahamia 0.45 ya 176.4, yaani 79 kHz, ambako hakuna muziki wa kuharibu. Kufunga kati ya 20 na 22.05 kumeshafanywa na prosesa ya Pi kwa maktaba ya soxr, ambayo kwenye ubora wa juu kabisa inapiga hesabu kwa usahihi wa biti 28, karibu 170 dB. Kelele za chipu yenyewe ziko 112 dB chini ya sauti yake kubwa kabisa. Mabaki ya soxr yamezama chini ya kelele zake.

Kwa hiyo kwa chipu hii, programu inashinda, na inashinda kwa vipimo. Ila mipaka ya ushindi huo lazima isemwe. Sauti yoyote iliyo chini ya 19.85 kHz, kivuli chake kinaangukia juu ya 24.26, mahali ambapo chipu tayari imefunga 60 dB. Unachookoa hasa ni kipande cha mwisho cha muziki, kHz 2 hivi, ambacho watu wazima wengi hawakisikii. Vivuli vyenyewe navyo havisikiki. Madhara yanakuja pale ampli au twita (spika ndogo ya sauti za juu) inapopotosha sauti: 21 kHz na 23.1 kHz zikikutana kwenye ampli mbovu huzaa tofauti yao, 2.1 kHz, katikati kabisa ya sikio lako. Ampli nzuri haizai kitu cha kusikika.

Hakuna habari mpya inayoongezwa. Anayekuambia kwamba kupandisha kunarudisha "maelezo yaliyopotea" ya CD, anakupotosha.

Na kwa zile MP3 za 128, acha kabisa. Kodeki (programu ya kubana sauti) kama LAME kwa kiwango hicho hukata karibu na 16 hadi 17 kHz. Kivuli cha kwanza kinaanza kwenye 27 kHz hivi. Chipu inakimaliza yenyewe, programu haina la kuokoa.

---

Biti24

Naongeza upande wa mipangilio, kwa sababu wengi wanadhani wanapandisha kumbe hawapandishi, au wanapandishiwa mara mbili na njia mbaya.

Kwanza kibao. Nyuma yake kuna sehemu nne za kuunganisha kwa lehemu. Ya 1 (FLT), ya 2 (DEMP) na ya 4 (FMT) ziwe upande wa L. Ya 3 (XSMT) iwe upande wa H, la sivyo kibao kinabaki bubu. Upande wa mbele kuna sehemu ya SCK: iunganishe na GND (ardhi) ili chipu ijitengenezee saa yake kutoka BCK (waya wa saa ya biti). Vibao vingine vinakuja bila hizo kuunganishwa, na hapo ndipo watu hudhani chipu imekufa. Nyaya: BCK pini 12, LCK pini 35, DIN pini 40. Ziwe fupi, chini ya sentimita 10, na GND ipite sambamba nazo. Kwa 176.4 BCK inakimbia 11.29 MHz badala ya 2.82, na waya mrefu unaolegea ambao 44.1 iliuvumilia utaanza kutoa mikwaruzo.

Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi:

```
dtparam=audio=off
dtoverlay=hifiberry-dac
```

Zima na uwashe, kisha `aplay -l`. Pi 4 huorodhesha HDMI kama kadi nazo, kwa hiyo usitegemee namba, tumia jina. Kwenye mpd.conf:

```
resampler {
  plugin         "soxr"
  quality        "custom"
  precision      "28"
  phase_response "50"
  passband_end   "95"
  stopband_begin "100"
  attenuation    "4"
  threads        "1"
}

audio_output {
  type          "alsa"
  name          "pcm5102 176"
  device        "hw:CARD=sndrpihifiberry,DEV=0"
  format        "176400:24:2"
  auto_resample "no"
  auto_format   "no"
}
```

Neno la muhimu kuliko yote hapo ni `hw:`. Ukiacha `default`, sauti huenda ikapita kwenye kichanganyaji cha ALSA (mfumo wa sauti wa Linux) ambacho kwa kawaida kinalazimisha 48000, na 176.4 yako nzuri inashushwa na njia dhaifu kabla ya kufika kwenye chipu. Hakikisha wimbo ukiwa unacheza:

```
cat /proc/asound/sndrpihifiberry/pcm0p/sub0/hw_params
```

Mstari wa `rate` lazima usome 176400. Ukisoma 48000 au 44100, hujapandisha chochote.

Sasa kuhusu mchakacho wako. Hiyo `attenuation "4"` ndiyo dawa. Sampuli ni nukta juu ya wimbi, na kilele cha wimbi kinaweza kuwa kati ya nukta mbili. Wimbo uliobanwa mpaka nukta zinagusa dari, vilele vya katikati vinapita dari. Mfano unaojulikana ni toni ya 11.025 kHz: nukta zikiangukia nyuzi 45 kila upande wa kilele, wimbi halisi linazidi nukta kwa 3 dB. Programu inapopandisha inazikokotoa nukta hizo za katikati, zinazidi, zinakatwa. Ndio mchakacho huo. Chipu nyingi nazo zina ugonjwa huohuo ndani ya kichujio chao, ila wewe huoni mahali pa kurekebisha. Ukipunguza 4 dB kabla, unaziponya zote mbili. Gharama yake ni theluthi mbili za biti moja, na kwenye njia ya biti 24 hiyo ni bure.

`phase_response "50"` ni fezi nyoofu. Ukiweka 0 unapata fezi ya chini, ambayo inaondoa mtikisiko unaotangulia pigo la ngoma na kuurundika wote baada yake. Mtikisiko huo uko karibu na 22 kHz. Iache 50, usipoteze wiki nzima kwenye kipengele hiki.

Usigeuze faili zenyewe kabla ya kucheza. Wimbo wa dakika 4 wa CD ni MB 42 bila kubanwa, kwa 176.4 na biti 24 ni mara 6, MB 254, na hujapata chochote ambacho MPD isingekupa papo hapo.

---

Saa_na_Kristali

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu kichujio, lakini hamjagusa saa, na hapo programu haikusaidii.

Pi haina kristali (kipande kinachopiga mapigo ya saa) inayolingana na 44.1. BCK inapatikana kwa kugawanya saa ya ndani kwa namba isiyo kamili. Mfano wa Pi 3: saa ya 500 MHz kugawa 11.2896 ni 44.29. Haiwezekani kugawa kwa 44.29, kwa hiyo inabadilishana 44 na 45 ili wastani utoke sawa. Huko kubadilishana ndiko jita, yaani kuyumba kwa saa. Kwa 44.1 ya kawaida mgawanyo ni 177.15, na hatua moja ya kosa ni sehemu ndogo zaidi ya mzunguko. Kwa hiyo unapopanda hadi 176.4, kichujio kinakuwa bora na BCK inakuwa chafu zaidi kwa uwiano. Saa ya ndani ya PCM5102A inalainisha sehemu kubwa ya uchafu huo, si wote.

Mwenye nia ya kulimaliza hili aache kibao cha zambarau, achukue chenye kristali mbili zake mwenyewe, 22.5792 MHz kwa familia ya 44.1 na 24.576 MHz kwa familia ya 48, ambapo kibao ndicho kinachoiamuru Pi. HiFiBerry DAC+ Pro imejengwa hivyo. DAC ya USB ya asinkroni nayo inafuata kanuni hiyo: saa iko kwenye DAC, kompyuta inatii.

Hapo ndipo jibu la 176.4 au 192 linapopatikana. Kihesabu, soxr haijali: 44.1 kwenda 192 ni uwiano wa 640 kwa 147, inaufanya kwa usahihi uleule, ila kwa kazi zaidi. Hoja kwamba "namba isiyo kamili inaharibu sauti" ilikuwa ya kweli kwa programu dhaifu za zamani. Hata hivyo ingekuwa mimi ningebaki 176.4 kwa CD na 192 kwa faili za 48, kwa sababu kazi inapungua na kila familia inabaki na kristali yake. Kwenye MPD weka `audio_output` mbili, ubadilishe kwa `mpc enable only 1` au `2`.

Sasa masanduku. Kuna aina mbili na watu wanazichanganya.

Aina ya kwanza ina chipu ya kubadilisha kasi kwa asinkroni: AD1896, SRC4192, AK4137. Kihesabu ni nzuri, SRC4192 imeandikiwa 144 dB. Tatizo ni namna inavyofanya kazi: inapima uwiano kati ya saa inayoingia na saa inayotoka muda wote, na kosa lolote la saa inayoingia ambalo haikulichuja linageuzwa kuwa kosa ndani ya namba za sampuli. Jita ya kwenye waya unaweza kuisafisha mbele ya safari. Ikishaandikwa ndani ya data, hakuna kifaa cha kuifuta. Kumnunulia Pi sanduku la aina hii kazi ya soxr tu, ni fedha iliyotupwa. Linafaa pale chanzo hakina namna ya kutii saa yako, kama televisheni au dishi kupitia kebo ya macho.

Aina ya pili ni FPGA (chipu inayopangiwa kazi na mtengenezaji) yenye kichujio kirefu. Chord M Scaler ndiyo maarufu: tapu (hatua za hesabu za kichujio) 1,015,808, inatoa hadi 705.6 au 768 kHz. Ni uhandisi wa heshima, lakini hakuna hesabu ndani yake ambayo kompyuta ya kawaida haiwezi kuifanya. Na kichujio kirefu hivyo kinachelewesha sauti, kwa hiyo ukitazama video midomo na maneno vinaachana.

---

tweta_ya_pwani

Samahani wakuu kwa kudandia. Je, kwa simu ya Android na kile kidongo cha USB-C chenye tundu la heddifoni, mambo ni hayahaya? Na kupandisha hadi 768 kuna faida juu ya 176?

---

Biti24

Ndugu, kwenye Android shida ya kwanza ni kichanganyaji cha mfumo, ambacho kwa kawaida hugeuza kila kitu kuwa 48 kHz. Kabla ya kupandisha, kikwepe. USB Audio Player PRO inaongea na kidongo moja kwa moja kwa draiva yake yenyewe. Kisha jua kidongo chako ni cha daraja gani: cha USB Audio daraja la 1 kinaishia 96 kHz kwa biti 24, hata chipu iliyomo iwe na uwezo zaidi. Katika hali hiyo weka 88.2 kwa muziki wa CD. Hiyo 88.2 tayari inahamisha kichujio cha chipu hadi karibu 40 kHz, ambalo ndilo lengo. Faida kubwa iko kwenye hatua hiyo ya kwanza. Kwenda 176.4 kunaongeza kidogo, na 768 kwenye simu kunamaliza betri tu.

Kama heddifoni ni za Bluetooth, achana na mada hii yote. Sauti inabanwa upya njiani.

Kwa Windows, chagua WASAPI ya kipekee (njia inayokwepa kichanganyaji cha Windows) kwenye foobar2000, kisha weka Resampler (SoX) kwenye orodha ya DSP. Ukiacha njia ya kawaida, Windows inageuza kila kitu kwenda kasi uliyochagua kwenye mipangilio ya kifaa.

---

mpenda_sahani

Asanteni sana. Mchakacho umekwisha baada ya kuweka 4 dB. Limebaki jambo moja: sauti inakatika kila baada ya dakika kadhaa, sekunde ndogo tu. Na je, nifanyeje ulinganisho wa haki kati ya 44.1 na 176.4?

---

fundi_mawimbi

Kukatika: Pi 4 inaimudu soxr bila kutoka jasho, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni umeme. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa tofauti na `throttled=0x0`, huenda chaja yako haifikishi volti 5 kwa ampea 3, au kebo yake ni nyembamba, au prosesa imepata joto mno, na inapunguzwa mwendo. Ikiwa ni 0x0, ongeza bafa (akiba ya muda ya data) kwenye mpd.conf: `audio_buffer_size "8192"`, na uhakikishe muziki hausomwi kupitia Wi-Fi dhaifu. Hapo bado pakikatika, angalia waya wa BCK kama alivyosema Biti24.

Ulinganisho: kosa linalofanywa karibu kila mahali ni kulinganisha 176.4 iliyopunguzwa 4 dB na 44.1 ambayo haijapunguzwa. Yenye sauti kubwa zaidi itaonekana bora kila mara, hata tofauti ikiwa 1 dB. Tengeneza faili mbili zenye kiwango kimoja:

```
sox wimbo.flac -b 24 a.flac gain -4
sox wimbo.flac -b 24 b.flac gain -4 rate -v 176400
```

Kisha kwenye `audio_output` badilisha `format` iwe `"*:24:2"` ili MPD isiguse kasi, na mwambie mtu mwingine achague ipi icheze bila wewe kujua. Jaribu mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kuna kitu unasikia kweli. Kwa kubahatisha, kufika huko ni chini ya mara 4 katika 100.

Kama una kadi ya kurekodi ya 96 kHz au zaidi, pima badala ya kusikiliza:

```
sox -n -r 44100 -c 2 -b 24 toni.wav synth 30 sine 21000 gain -6
```

Cheza toni hiyo kwa 44.1, rekodi kutoka kwenye DAC, fungua spektra kwenye Audacity. Utaona nguzo mbili, 21 na 23.1 kHz. Rudisha `format` ya 176400 na ucheze tena: ya 21 itakuwa imepungua kidogo kwa sababu kichujio kimeanza kufunga hapo, na ya 23.1 itakuwa imetoweka. Usiitoe toni hiyo kwenye spika ukiwa unapima. Hutaisikia, lakini twita inaipokea, na toni mfululizo ya 21 kHz kwa sauti ya juu inaweza kuunguza koili yake.

---

Saa_na_Kristali

Nyongeza fupi kwa atakayesoma uzi huu akiwa na DAC yenye AK4493 au ES9038Q2M. Vichujio vikali vya chipu hizo ni bora zaidi kuliko vya PCM5102A. Chagua kichujio kikali, siyo kile cha "slow", kwa sababu cha pole kinaacha vivuli vipite kwa makusudi, ipe 44.1 iliyopunguzwa 3 au 4 dB, na usiisumbue Pi kwa lolote zaidi. Programu inarudi kuwa ya lazima kwa DAC za NOS, zisizo na kichujio kabisa. Hizo kwa 44.1 zinashusha 20 kHz kwa 3.2 dB na kuachia vivuli vyote. Zikipewa 176.4, mshuko huo unabaki 0.2 dB hivi. Philips walilijua hili tangu mwanzo: mashine zao za kwanza za CD zilikuwa na TDA1540 ya biti 14 tu, wakaiwekea mbele yake SAA7030 ya kuzidisha mara 4, yaani 176.4 ileile tunayoijadili hapa.